Fundi Aliyegonga Tangi

Fundi wetu wa hapa Suna hana haraka ya kufungua sanduku la spana. Kwanza anatikisa vichwa vya betri kwa vidole vyake vyenye kucha nyeusi, polepole, kama anapima mshipa wa mgonjwa. Halafu anauliza jambo dogo sana, mpaka unaona amekudharau. Siku ile wanunuzi wa vyuma vikuukuu walikuwa wameshafunga mnyororo kwa pikapu ya marehemu mume wangu, maana kijana wangu Byron alisema injini imekufa. Mimi nilikataa, nikamwita fundi.

"Dani, mafuta iko?" fundi akaniuliza, kama mjukuu anayemwita nyanya yake.

Nikamwambia mimi si mtoto, mshale wa mafuta unaonyesha nusu. Alilala chini, akagonga tangi kwa kidole, akaweka sikio. Hata mimi nilisikia: tupu, kama mtungi. Byron akaanza kunicheka.

"Wacha mamako," fundi akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Mshale ndio umemdanganya."

Mimi siombi mtu msamaha. Lakini alipomimina mafuta, nilimshikia chupa iliyokatwa ya kumiminia, na sikuiachilia mpaka injini iliponguruma na mnyororo ukafunguliwa.