Kompyuta Kuukuu za Kidato cha Tatu

Enzi zetu shuleni, kule Mpemba, mji wa karibu na mpaka, kompyuta huigusi mpaka uvue viatu na unawe mikono. Vumbi la malori lilitufuata hadi darasani, na vidole vilinata utamu wa masuku, matunda ya porini tuliyonunua getini. Vijana wa leo wanaokula chipsi juu ya kibodi wangefukuzwa siku ya kwanza.

Tulikuwa na vyumba viwili vya kompyuta. Kuukuu zilikuwa zetu, kidato cha tatu. Mpya, pamoja na printa pekee, zilikuwa za kidato cha nne. Mwalimu Siame, aliyetufundisha, alivuta waya kutoka chumba hadi chumba ili nasi tutumie printa, lakini kompyuta hazikuonana. Mkuu wa shule akachoka. "Ijumaa kuukuu zinakwenda stoo," alisema. Kwetu ilimaanisha kutogusa kompyuta tena mpaka mwaka unaofuata.

Rafiki yangu Tabitha hakukubali. Alisoma kitabu cha mwalimu kurasa mbili mbili, akimwomba amfafanulie.

"Mwalimu, waya hauna kosa," alisema Jumatano. "Hizi zinatumia itifaki moja, zile nyingine. Kila upande unatuma kwa utaratibu wake, mwenzake haelewi kitu."

"Sasa tufanyeje, mwanangu?"

"Tuweke moja katikati inayojua zote mbili."

Mwalimu alivuka mpaka hadi Nakonde, mji wa ng'ambo, kutafuta kadi ya pili ya mtandao. Alhamisi tuliifungua kompyuta iliyokuwa nzima kuliko zote, tukaifungia kadi mbili, tukaiwekea itifaki zote na programu ya kupokea huku na kupeleka kule. Ilikataa mara nne. Giza la Juni liliingia tukiwa bado tunajaribu. Nilichelewa kurudi nyumbani, mama akaniuliza, "Hiyo mashine inajua kuosha vyombo?"

Ijumaa asubuhi Mkuu alikuja na wabebaji. Tabitha alikaa kwenye kompyuta kuukuu, akaandika, akabonyeza. Kisha chumba cha pili printa ikaanza kukoroma. Mkuu akaenda, akarudi na karatasi, akaisoma kwa sauti: "Shikamoo Mkuu. Sisi kompyuta za kidato cha tatu tunaomba tusipelekwe stoo."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Marahaba. Bakini." Darasa zima lilipiga kelele, Mwalimu Siame akafuta macho akisingizia vumbi.

Leo kazi hiyo ndiyo riziki yangu. Naunganisha mitandao ya ofisi pande zote mbili za mpaka, na sijashindwa bado. Vijana wangu wa kazini, intaneti ikikatika dakika mbili, wanaomboleza kama wamefiwa; ikirudi hawainui hata macho kutoka kwenye simu. Mimi nikimaliza kuunganisha huziona taa za kijani za mtandao zinawaka, chai yangu haijapoa, nikageuka kutafuta wa kushangilia naye, nikakuta kila mtu ana shughuli zake.