Siku Tuliyomlilia Babu wa Memsabu

Jamani, mkasa huu niliuficha miaka mingi, lakini kwa kuwa mke wangu ameshaanza kuusimulia kisimani, na anausimulia vibaya, afadhali mnisikie mwenyewe.

Wakati huo, kabla ya uhuru, nilikuwa dobi kwenye mgodi mmoja huko Geita. Dobi tu, kufua na kupiga pasi. Ila Mzee Masanja, baba wa binti niliyekuwa nimemposa, nilimwambia mimi ni mkalimani wa wazungu (mtu akitaka mke husema mengi), na mzee alipenda sana neno hilo, mpaka harusi ikapangwa baada ya wiki mbili.

Basi Memsabu, mke wa mkubwa wa mgodi, akawaalika wazee wa jirani kunywa chai. Alikuwa mama wa ukoo mkubwa huko kwao Uingereza, watu wa kutawala. Siku hiyo karani, mkalimani wa kweli, ana homa, na kiongozi wa wazee ni nani? Mzee Masanja! Memsabu akauliza kama kuna anayejua Kiingereza, mzee akanitazama kwa fahari, nami nikaweka pasi chini nikasema, "Mimi najua."

Wazee wakauliza kama adabu inavyotaka: mama huyu ni wa ukoo gani, na kwao ni wapi? Loo, Memsabu alifurahi! Akaleta picha ya nyumba yao, nyumba kama kijiji kizima, vyumba themanini, akaanza kusimulia babu mmoja baada ya mwingine, huyu alijenga, yule aliongeza mnara, mimi nashika neno hapa, neno pale. Akafika kwa babu mmoja aliyeanguka kutoka juu ya farasi akafa. Hapo alitaja na miaka, tena mingi, nikaona itanichanganya, nikaiacha. Nikawaambia wazee kwa Kisukuma, "Babu yake ameanguka kutoka juu ya punda mkubwa, amefariki."

Wazee wakaweka vikombe chini.

"Gashi! Kumbe! Amezikwa?" Mzee Masanja akauliza.

Ningemuuliza Memsabu yangeisha. Lakini kuuliza nako kunataka Kiingereza, na changu kilikuwa kimekwisha. Nikasema, "Bado, wanasubiri ndugu." Wazee wakainuka mmoja mmoja, wakampa Memsabu mkono kwa huzuni, wakaondoka (nani atakaa kunywa chai kwenye nyumba yenye msiba?), naye akaniambia hajawahi kuona watu wanaosikiliza vizuri namna ile.

Kesho yake mchana Memsabu ana wageni, wake za wazungu wenzake, keki mezani, mara tukasikia vilio kutoka barabarani. Wanawake wanakuja wameshika vichwa, wengine wamebeba kuni na unga, mbele yao Mzee Masanja anaongoza dume la ng'ombe, na kabla sijapata la kusema dume limeshachinjwa kando ya maua ya Memsabu. Mchumba wangu Mbuke naye yumo, analia kuliko wote. Niliona haya, nikajibanza nyuma ya nguo nilizoanika.

Karani akaitwa, amejifunga blanketi na homa yake. Akasikiliza, akamwambia Memsabu kwamba watu wamekuja kumlilia babu yake.

"Babu yupi?" Memsabu akauliza. Wote wakanigeukia mimi.

Alipoelewa alicheka mpaka machozi yakamtoka, na wanawake kuona machozi wakajua uchungu umempanda, wakazidisha kilio. Akamwambia karani, "Waambie nawashukuru. Mtu huyo alikuwa mkali, hata mkewe hakumlilia." Akaacha wageni na keki zao, akaja kuketi chini kwenye mkeka na kina mama.

Lakini karani hakuishia hapo. Akamweleza Mzee Masanja kwamba marehemu alikufa zamani, kabla babu wa babu wa mzee mwenyewe hajazaliwa. Mzee akatazama ng'ombe wake, kichwa kule, ngozi huku, kisha akanitazama mimi.

"Ng'wanawane, mwanangu," akasema taratibu, "kilio kikishaanza hakirudishwi. Na harusi haifungwi watu wakiwa na msiba."

Nikajikaza, nikauliza, "Msiba utaisha lini, baba?"

"Mwenye nyumba ya vyumba themanini haombolezwi siku nne. Tutaangalia baada ya mavuno."

Mvua zilikuwa hazijaanza hata kunyesha! Nikamtazama Mbuke anisaidie, naye kajifunika kanga uso mzima, mabega yanatikisika, na hakuwa analia.

Nilimwoa, ndiyo, baada ya mavuno. Ila tangu siku hiyo mtu akiniletea habari ya kifo, kabla sijasema pole namuuliza kwanza, "Lini?" Watu wananiona sina utu. Wacha waseme.