Bibi Alipoacha Kuzihukumu Senema

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki ya Bawshar, hapa Maskati, nikingoja kuitwa jina. Mzee aliyekaa pembeni yangu akafungua simu yake, na sauti iliyotoka mle ikanifanya nigeuke. Niliitambua kabla sijashika hata neno moja. Ni ya mtangazaji mmoja wa siasa, wa stesheni ya nchi nyingine, ambaye nilipokuwa mdogo alikuwa akiingia kwetu kila siku baada ya magharibi. Sasa kazeeka, sauti imeingia mikwaruzo, lakini bado anakemea. Nilihama kiti. Kisha nikaona niwaelezeni nyinyi, maana na nduguzangu hili hatulizungumzi.

Bibi yangu, mama yake baba, alizaliwa Unguja akaja Maskati mtu mzima, na watoto wake. Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha sala na salamu, na hakukiongeza sana. Lakini sijapata kuona mtu aliyependa senema za Kiarabu kama yeye. Kila Ijumaa baada ya alasiri alikaa kwenye zulia, mgongo kwenye mto, na kisahani cha embe mbichi za pilipili mapajani, miye ubavuni pake. Televisheni yetu kuukuu ikishapata moto ilitoa harufu ya vumbi linaloungua. Nilikuwa na miaka saba, na kazi yangu ilikuwa kumfasiria.

Kusema kweli hakunihitaji. Watu wa senema aliwahukumu kwa wanavyokula na wanavyofunga milango.

"Huyu mume hafai," angesema. "Mtazame, kaanza kula peke yake, mkewe hata hakumkaribisha."

Nikimwambia kuwa yule si mumewe, ni kaka yake, alinijibu, "Basi walioandika wamekosea."

Mama mkwe aliyechukiwa na dunia nzima, yeye alimtetea: kalea peke yake, muacheni. Na senema ikimalizika kwa harusi alisonya, kwani kwake yeye harusi ndipo mambo yanapoanza.

Baba alikuwa mfanyakazi wa serikali, mtu mpole, anayepiga pasi kanzu zake za dishdasha mwenyewe. Ofisini kwake walikuwapo waliomcheka anavyotamka maneno ya Kiarabu, lakini hilo sikulijua wakati ule. Nilichokiona ni kwamba alianza kumsikiliza yule mtangazaji, na kila siku alikaa karibu zaidi na televisheni. Mtangazaji alisema kuwa senema zinaharibu watoto, wanawake wamesahau majumba yao, na taifa linaliwa na ndimi zilizochanganyika. Nyumba yenye lugha mbili, alisema, ina nyoyo mbili.

Jioni moja Bibi akaniuliza mtu yule anasema nini. Nikamfasiria nilichoweza. Akamtazama kwa muda, kama alivyowatazama watu wa senema.

"Huyu hana mgeni," akasema. "Anajiuliza, anajijibu. Mtu wa namna hii hata chakula ukimpa hajui kama kina chumvi."

Nilicheka. Baba hakucheka.

Siku chache baadaye alikuja akakaa mbele ya mama yake, mikono magotini.

"Mama, kuanzia leo watoto watazungumza Kiarabu tu humu ndani. Nnataka wasije wakachekwa."

"Na mimi nnazungumza na nani?"

"Kiarabu unakijua, Mama."

"Nnakijua cha kumwomba Mungu," Bibi akasema. "Cha kuzungumza na mjukuu wangu sinacho."

Baba aliinamisha kichwa, lakini hakurudi nyuma. Shangazi alipopata habari alimpigia simu akamwambia mwacha asili ni mtumwa. Baba akamjibu kuwa asili yetu ni hapa hapa Oman, na kila mmoja alikata simu akijiona kashinda.

Ningependa kukwambieni kuwa nilikaidi. Sikukaidi. Nilikuwa mtoto wa kupenda kusifiwa. Ijumaa iliyofuata tulikaa kama kawaida, na mle ndani ya senema mwanamke mmoja alikuwa analia dirishani.

"Huyu analia nini?" Bibi akauliza.

Nilijua. Nikamjibu kwa Kiarabu, haraka haraka, kwa sauti ya mwalimu wangu wa skuli. Akauliza tena. Nikamwambia, kwa Kiarabu vilevile, kwamba Baba kakataza. Neno "Baba" alilifahamu.

Hakukasirika. Aliitazama senema ile mpaka mwisho, wanaume wakala peke yao na milango ikabamizwa, na asimhukumu mtu hata mmoja.

Haikupita miezi mingi akahamia Mawaleh kwa Shangazi. "Nnakwenda kukaa kidogo," alisema, na kidogo ikawa miaka minane. Tukienda kumtazama nilimbusu mkono na kichwa, nikakaa. Maneno yake yalinitoka moja moja bila ya mimi kujua kuwa yanaondoka.

Nilipokuwa na miaka kumi na tano moyo wake ukaanza kushindwa. Hospitali, alasiri moja, Baba na Shangazi walitoka kwenda kuonana na daktari, nikabaki naye peke yangu. Akanishika mkono akaanza kuzungumza. Alizungumza sana, pole pole. Mahali fulani alicheka kidogo. Nilishika "mwanangu", nikashika "baba yako", na yote mengine yakanipita. Aliponyamaza, nikajua ananingoja nijibu.

"Sikufahamu, Bibi," nilimwambia kwa Kiarabu.

Alinitazama. Kisha akatafuta katika Kiarabu chake kile kidogo, akanipigapiga mkono. "Zen," akasema. Vyema. "Zen, zen." Ndivyo anavyotulizwa mtoto wa mgeni.

Alifariki siku ya tatu yake. Matanga yalipokwisha, Baba akaja chumbani kwangu, akaniuliza kwa Kiswahili, mara ya kwanza baada ya miaka minane, "Mama alikwambia nini siku ile?"

Nilimwambia kuwa sijui. Akasimama kidogo mlangoni, akaenda zake.

Kiswahili hiki mnachokisoma nilikuja kukijifunza upya kwa Shangazi, nishakuwa mtu mzima. Nilidhani nikishakipata, yale maneno ya hospitali yatanirudia. Lakini huwezi kukumbuka usichokifahamu. Huenda Bibi alimsamehe mwanawe, akanipa miye nimfikishie. Huenda alikuwa akisimulia senema tu. Utotoni nilidhani Baba anawaonea haya watu wake. Nilichelewa kujua kuwa alikuwa akiogopa, na kwamba sauti ile ya kwenye televisheni ilimpata kwa hofu yake hiyo.

Baba yu hai bado, yuko Ansab. Tunazungumza kwa simu kila siku, kwa Kiswahili. Changu kina makosa mengi, naye hanisahihishi.