Kuku wa Mama Wakataa Banda

Mama alipohamia kwetu Matisi, Kitale, kutoka Bungoma, alikuja na begi moja na kuku sita ndani ya gunia lililotobolewa matundu. Alikuwa ameanguka jikoni kwake na kukaa chini muda mrefu bila mtu wa kumwinua. Hakukataa kuja. Alisema tu, "Nakuja na kuku wangu. Wakikataa kukaa, sisi wote tunarudi."

Nililichukua hilo kuwa suala la ujenzi. Sikusomea useremala, lakini kitu nisichokijua hukisoma mpaka kinielee, na kabla ya kupiga msumari wa kwanza nilijua unene wa fito ambao mguu wa kuku unaweza kuushika na mahali hewa inapopaswa kutokea. Nililijenga banda nyuma ya nyumba kwa mabaki ya mbao, nikaliinua juu ya vigingi kwa sababu ya siafu, nikaezeka bati na kutandaza maranda ndani.

Jioni ya kwanza kuku walilizunguka, wakaenda kusimama mbele ya mlango wa jikoni. Niliwashika mmoja mmoja nikawaingiza. Kesho yake, vilevile.

Nilidhani ngazi ina mwinamo mkali, nikailaza. Nilidhani ni harufu ya oili chafu niliyopaka vigingi kuzuia mchwa, nikavibadilisha. Nilidhani ni giza, nikatoboa dirisha na kuweka wavu. Kila badiliko lilikuwa na sababu, na kila jioni kuku walikuwa mlangoni pa jikoni.

"Fundi," jirani yetu anayeuza mboga aliniita kutoka upande wa pili wa ua, "pengine wanangoja hati ya ploti!"

"Hao ni wa Bungoma bana," mke wangu akamjibu. "Wamezoea kulala kwa jiko kama watu."

Mama hakucheka. Begi lake lilikuwa bado kando ya kitanda. Alitoa nguo, akaivaa, akaifua, akairudisha humo humo na kufunga zipu.

Mwishowe nilimuuliza. "Mama, banda lina shida gani?"

"Banda ni nzuri. Hata mimi naweza kulala."

"Sasa mbona hawaingii?"

"Kwani uliwafunga?"

"Kuwafunga vipi?"

Alinitazama kama mgeni aliyepotea njia. "Baba, wewe si mtoto wa kwetu? Kuku mgeni anafungwa kamba mguuni, pale pale atakapolala, mpaka apajue. Yule shangazi yako alituletea, si ni wewe ulimfunga kwa mguu wa meza?"

Nilikumbuka hata rangi ya kitambaa tulichotumia. Sijui kwa nini, nilipokuwa nikisoma juu ya kuku, sikuhesabu jambo hilo kuwa kitu ninachokijua.

"Mbona hukuniambia?"

"Anayefunga ni mwenye kuku. Mimi nilikuwa sijaamua."

Nilikata kamba, nikaziweka dirishani pa chumba chake. Zilikaa bila kuguswa. Kisha akaniomba nimpeleke Bungoma, na akatoka na begi lake. Njia nzima nilijiuliza kama nitarudi kuchukua kuku, na banda nitalifanyia nini.

Alipofika alifagia jikoni kwake kama mtu anayengoja wageni. Alipomaliza alifungua begi, akatoa nguo zote na kuziweka kwenye kiti. Akaweka humo mwiko wa ugali, sufuria mbili na kigoda chake kidogo, akarudisha nguo juu yake. Zipu ilikataa kufunga. Akafunga mlango kwa kufuli, akanipa begi nibebe.

Jioni hiyo, Kitale, alichukua kamba moja tu. Alimfunga yule kuku mzee kwenye ufito wa chini, ndani ya banda.

"Na hawa wengine?"

"Watamfuata."

"Nitamfungua lini?"

"Utaona."

Sikujua nitaona nini. Nilisimama pale na tochi. Watano walienda kwanza jikoni kama kawaida, wakarudi, wakasimama chini ya ngazi wakisikiliza mwenzao akilalamika ndani. Mmoja alipanda, akashuka, akapanda tena. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, shuka mabegani.

"Na hiyo dirisha ulitoboa," alisema, "nani alikuambia? Ziba. Huku kwenu kuna baridi."

Nikaenda kutafuta misumari.