Damu Yangu Ndani ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa akiendesha karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, kwenye machimbo ya upande wa Geita. Kila aliporudi kwangu Kagongwa nilimwambia aoge kwanza nje, kwa sababu vumbi lile jeupe lilikuwa linaingia hadi kwenye mchele wangu wa biashara. Alikuwa anacheka, anajimwagia maji akiimba. Alipoanza kutoka madoa ya damu chini ya ngozi na kuchoka bila sababu, sisi tulidhani ni kazi. Ikawa saratani ya damu.

Madaktari wa hospitali kubwa walisema dawa zimeirudisha nyuma, lakini ili isirudi lazima apandikizwe uboho, ile nyama laini iliyo ndani ya mifupa ambako damu inatengenezwa. Tulipimwa ndugu wote wa tumbo moja. Mimi peke yangu ndiye niliyelingana naye.

Mama yangu, ambaye sisi tunamwita mayu kama wanavyoita Wasukuma wote, alinishika mikono miwili akanishukuru kama mtu mgeni. Sijawahi kujisikia mtu wa maana kama siku ile.

Upandikizaji ulikwenda vizuri. Damu yake ilibadilika hata kundi, ikawa la kwangu. Akawa ananitania kwa simu: "Dada, tangu uniingie mwilini natamani kugombana na watu sokoni."

Kisha ngozi yake ikaanza kuwasha. Mdomo ukajaa vidonda, hata uji wa vuguvugu ukawa unamchoma. Macho yakakauka, akawa analia bila machozi. Baadaye ngozi ya mikono na kifua ilikakamaa, akashindwa kuinua mkono kufikia bega. Nilimsindikiza kliniki, na daktari, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anaongea taratibu, akatueleza.

"Saratani haijarudi," alisema. "Tatizo ni chembe za damu za dada yako. Zimekaa vizuri mwilini mwako, lakini zinauona mwili wenyewe kuwa ndio mgeni. Zinaushambulia."

"Chembe zangu?" niliuliza.

"Zako, mama. Lakini si kosa lako. Zinafanya kazi ya kinga, ila zimekosea adui."

Alimpa vidonge vya kutuliza kinga. Uso ukavimba, mifupa ikauma, na kila mafua yaliyopita Kagongwa yalimlaza kitandani. Ngozi haikulegea.

Nyumbani kijijini, majirani walikuwa wameshapata maelezo yao. Ndugu aliyepewa damu ya ndugu yake anaungua ngozi. Wao walijua neno la kuita jambo hilo: uchawi. Nilifika kuwasalimu, nikampigia mayu magoti, "Shikamoo mayu." Aliitikia bila kuniangalia. Baadaye, tukiwa tunapuliza moto jikoni, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, damu yako ina nini?" Nilijaribu kumweleza kama daktari alivyotueleza. Nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mtu anayejitetea.

Katika kliniki iliyofuata daktari alituletea habari. Huko nchi za nje walikuwa wanafanya tafiti nyingi juu ya ugonjwa huu. Kuna mahali damu ya mgonjwa inatolewa, inapitishwa kwenye mwanga maalumu, inarudishwa mwilini ikiwa imepoa hasira. Kuna vidonge vipya vinavyozuia ishara ambazo chembe hupeana zinaposhambulia. Na kulikuwa na dawa nyingine, bado ya majaribio, inayolenga kule kukakamaa kwa ngozi kwenyewe. Yeye alikuwa anafahamiana na watafiti wake.

"Siahidi," alisema. "Lakini nimewaandikia. Wanataka vipimo vyako."

Mdogo wangu alifurahi mpaka nikaogopa. Akaanza kufanya mazoezi ya kunyoosha vidole mlangoni. Akasema akipona harudi tena kwenye karasha, atafungua duka la vipuri Nyasubi, kule Kahama mjini. Alinipangia hata mimi kazi humo.

Kipimo cha mwisho kilikuwa cha mapafu. Alifungwa kibanio puani, akaambiwa apulize kwenye bomba kwa nguvu zake zote. Alipuliza. Wakamwambia arudie. Nilikuwa naangalia mishipa ya shingo yake. Mhudumu alimtia moyo, "Endelea, endelea, endelea," kisha akaanza kuandika.

Daktari alituita ndani akafunga mlango mwenyewe. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mapafu, na njia za hewa zilikuwa zinaziba. Inawezekana vumbi la miaka yote ile nalo lilikuwa limeshayachosha. Utafiti ule haukuwa unapokea mtu mwenye pumzi ndogo kiasi kile.

"Yaani nimezidi kuumwa?" mdogo wangu aliuliza. "Dawa ni ya wagonjwa, na mimi nimeumwa kupita kiasi?"

Daktari akasema, "Ndiyo."

Tulirudi Kagongwa. Hakuzungumzia tena duka. Siku zake za mwisho alikuwa anakaa ameegemea ukuta, kwa sababu akilala hewa haitoshi, na mimi nilikuwa nampaka mafuta mgongoni. Ngozi ilikuwa ngumu kama ya ngoma. Asubuhi moja nilihisi chini ya kiganja changu kwamba mgongo hauinuki tena. Tulimzika kijijini. Mayu alilia akiwa amewashika wanawake wengine.

Juzi mama mmoja wa mtaani kwangu alijifungua kwa shida, wakatangaza kwamba wanataka damu ya kundi langu. Nilikwenda. Nilimuuliza nesi kama damu yangu inafaa kwa mtu mwingine, akanijibu inafaa sana, kwa nini isifae, na kuongezewa damu siyo kama kupandikizwa uboho. Aliitoa, akanipa soda, akaniambia niende nyumbani nikapumzike. Sikwenda. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, nikimwangalia kila anayetoka mlangoni, nikingoja kuambiwa damu yangu imemfanya nini yule mama.