Mkunga Anatafuta Gari la Otomatiki

Mtaani walimwita Mkunga, ingawa alikwisha kustaafu na watoto aliowapokea walikuwa na ndevu zao sasa. Mwaka uleule aliofiwa na mumewe, kiharusi kikampitia. Kilimwachia ulimi na akili, kikabeba mguu wa kushoto. Haukumuuma. Ulikuwa na ganzi tu, kama si wake.

Mazikoni hakulia, wala baada yake. Waliokuja kumpa pole aliwajibu "tumeshapoa," akawauliza kama watakunywa chai. Alikaa akisubiri kilio kije, kama alivyozoea kukaa kando ya kitanda akisubiri uchungu wa mzazi. Hakikuja.

Marehemu alikuwa fundi wa magari ya Kiingereza ya zamani, na banda nyuma ya nyumba lilikuwa bado limejaa vipuri vyake. Gari lao lilikuwa la gia za mkono, na miaka yote Mkunga ndiye aliyeliendesha kwenda wodini. Sasa mguu haukuweza kukanyaga klachi.

"Mama, nunua kigari kipya," binti yake alimwambia. "Unahangaika nini na mikweche?"

"Mikweche ndiyo ninayoijua. Na fundi niliyebaki naye ni baba yako mdogo."

Huyo baba mdogo, ndugu wa marehemu, alijifunza ufundi katika banda lilelile. Mkunga alimwita, akamweleza shida yake bila kuzunguka.

"Shemeji, nitafutie la otomatiki. La Kiingereza, lisilonilaza njiani."

Shemeji akakuna kidevu. "Yapo, ila yanataka macho. Injini ikifa nitaifufua. Giaboksi ya otomatiki ikifa, hapo gari limekuwa banda la kuku."

Gari la kwanza lilikuwa jeusi, refu, linameta kama kiatu cha bwana harusi. Mwenyewe alikuwa muuza vigae, mcheshi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

"Ya kale dhahabu, mama," alisema.

Shemeji aliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa la moto.

"Umeliwasha kabla hatujafika, lisikohoe mbele yetu?"

"Nimelipasha kidogo tu."

Shemeji akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia, akakifutia kwenye kitambaa cheupe, akamnusisha Mkunga. Mafuta yalikuwa ya kahawia na yalinuka kuungua. Kisha akapiga magoti na kubonyeza chini ya mlango. Bati likabonyea kama mkate.

"Dhahabu haishiki kutu," alisema, akijipangusa.

"Mficha uchi hazai, baba," Mkunga alimwambia muuza vigae. Yule bwana alicheka. Mkunga alikuwa ameshageuka, anaburuta mguu wake kuelekea barabarani.

La pili lilikuwa la daktari wa meno aliyestaafu. Lilikuwa na rangi ya udongo, kiti cha dereva kimepasuka mshono, na boneti lilikuwa baridi kama jiwe. Mafuta ya gia yalitoka mekundu, safi.

"Kioo cha nyuma hakishuki," daktari alisema mwenyewe, kabla ya kuulizwa. "Na petroli linakunywa. Mimi macho ndiyo yamenikataa, gari halijanikataa."

Mkunga akaingia kwenye usukani, shemeji pembeni yake. Akavuta mkono wa gia, gari likaondoka taratibu bila kushtuka. Walipofika kwenye kona, mguu wa kushoto ulijikokota wenyewe na kugusa zulia, ukitafuta klachi isiyokuwepo.

"Uache upumzike, shemeji. Huo sasa ni abiria."

Walipanda kilima, wakashuka, wakasimama, wakarudi nyuma. Gia zilibadilika zenyewe, kimya.

"Umelipenda?" shemeji aliuliza.

"Linakwenda."

"Sikuuliza kama linakwenda."

"Shemeji, siku hizi sipendi kitu wala sichukii. Nakula kwa sababu saa ya kula imefika. Wewe ukisema ni zima, nalichukua."

"Mimi bandani bado namwagiza spana," alisema. "Nanyoosha mkono nyuma, nasema, kaka, nipe ile ndogo. Halafu naifuata mwenyewe." Akakohoa. "Ni zima. Lichukue."

Wakalichukua. Gari la zamani alipewa shemeji. Siku alipokuja kuliondoa, Mkunga alilitazama kupitia dirisha la jikoni likitoka getini, akaendelea kumenya viazi.

Tangu hapo alijiendesha mwenyewe kwenda kwa daktari wa viungo, na kurudi. Mguu ulianza kusikia baridi ya sakafu asubuhi. Kwingine kulibaki vilevile.

Ndipo siku moja, njiapanda, lori likamkata mbele bila taa wala honi. Mkunga alikanyaga breki, gari likasimama palepale. Akashusha kioo na kumtukana dereva wa lori matusi ya wodini, yale ambayo wanawake walioshikwa na uchungu humtukania mume aliyeko nyumbani. Sauti ilikuwa yake. Moyo ulimwenda mbio, akasogea kando ya barabara na kuzima injini.

Alikaa pale mpaka moyo ulipotulia. Kisha akahisi njaa, njaa hasa.

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake wa kike, akajipakulia bila kukaribishwa.

"Una nini leo, dada?"

"Kuna mtu wa lori kaniudhi," alisema, na kuongeza mchuzi.