Klachi Aliyoilegeza Baba

Harufu ya mafuta ya breki hunipandisha hasira hadi leo. Nikiinusa gerejini, naiona Singida ya utoto wangu, miaka ile biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kuingia mjini. Baba, muuza vitenge, alirudi kutoka Dar es Salaam na gari la michezo, jekundu, la milango miwili, lililokaa chini kiasi kwamba kila jiwe la barabara zetu lililiparuza tumbo.

Mwanzoni alimfundisha Mama kuliendesha, akajisifu mji mzima. Mama alikuwa mfupi. Alisogeza kiti mbele kabisa na kuweka mto mgongoni, ndipo mguu ukaifikia klachi. Wakati huo Bibi, mama yake, alikuwa mgonjwa Kinampanda. Basi la Kiomboi, lililopita huko, lilikwenda leo likarudi kesho, na Baba hakuruhusu mkewe alale nje. Kwa gari, Mama aliweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kila Jumapili tuliondoka asubuhi, mimi nimepakata chupa ya uji wa mgonjwa.

Kisha wanaume wa sokoni wakaanza kumtania Baba kwamba amegeuka abiria wa mkewe.

Jumamosi moja nilimkuta amelala chali, kichwa chini ya usukani, spana mkononi.

"Klachi imechoka," aliniambia. "Naiweka sawa."

Nikafurahi, maana kesho yake tulikuwa na safari.

Asubuhi, Baba akiwa dukani, Mama alikanyaga klachi hadi akainuka kitini. Gia zililia kwa kusagana, hazikuingia. Akainama, akatazama kule chini.

"Mwajuma, niletee spana."

Pale juu ya pedeli palikuwa na fimbo fupi ya chuma iliyosukuma mafuta ya klachi, yaleyale ya breki, nayo ilishikwa na nati. Mama aliilegeza nati, akazungusha fimbo kidogo, akaniambia nikanyage, akazungusha tena, jasho likimdondoka puani. Alipokaza nati na kujaribu, gia zikaingia. Tukaenda.

Jioni Baba alitungoja mlangoni.

"Nani kakutengenezea?"

"Mwenyewe."

"Gari ni langu, Mama Mwajuma."

"Na mgonjwa ni mama yangu."

Akamnyang'anya ufunguo mbele ya majirani. Wiki haikuisha, gari likauzwa. Masika yale Bibi alifariki. Mama alifika kwa basi, wameshamzika.

Miaka mingi Baba aliwachekesha wageni: "Mke wangu aliniulia klachi!" Walicheka, Mama akiwamiminia chai. Nami niliamini gari lilikuwa bovu tu.

Nilikuwa mtu mzima, najifunza udereva, fundi aliponieleza kwamba fimbo ile ikifupishwa, klachi huachia pedeli ikifika chini kabisa, na mwenye mguu mfupi hawezi kuifikisha huko.

"Haijifupishi yenyewe," alisema.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Alikuwa anapepeta ulezi.

"Ulijua?"

"Siku ileile. Nati ilikuwa na mikwaruzo mipya."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nawahi kwa mama yangu."

Anasema ameshasamehe. Mimi bado. Baba hakuwa na ubavu wa kumtazama mkewe usoni na kumwambia asiende kumuuguza mama yake. Alijipenyeza chini ya usukani, ili adhani mguu wake ndio mfupi.